Nina Vitana Viwili

Bwana mifugo Ndalahwa, ulisema hatazaa.
Ulisema atanenepa, nipunguze ugali.
Ulisema mshono usilowe siku kumi,
na madume wa Mabatini, waliokuwa wakilala mlangoni kwangu
kama wadai, watatawanyika.
Yote yakawa.
Manyoya hukuyataja.

Alikuja wa miezi miwili ndani ya boksi la sabuni,
mama yake wa kizungu, wa huko Capri Point,
baba yake wa jalalani.
Marehemu ndiye aliyempa jina, Watachoka,
ili akimwita usiku majirani wapate ujumbe.
Mwekundu kama tofali lililoiva,
masikio ya mawimbi, na mgongo wa singa:
ukipitisha mkono unateleza
kama juu ya sato aliyetoka majini sasa hivi.

Mimi ni msusi. Miaka kumi na tisa
nasuka vichwa vya watu, yeboyebo, mabutu, twende kilioni;
umeme ukikatika vidole vinaendelea.
Kwa hiyo sikusubiri macho.
Mwezi wa tano baada ya kisu chako
mkono ulikwama pajani.
Sufu.
Wiki iliyofuata kiunoni, kisha shingoni,
laini mno, laini ya kutisha,
kama kichwa cha mtoto asiyefikisha arobaini,
na ule wekundu ukachujuka,
kanga ya mnadani, ya kufuliwa mara mbili.

Jirani Nyanzobe akasema umemchoma dawa ya kondoo.
Mwanawe kila akimwona analia mee.
Mara nyuzi zikaonekana kwenye dagaa wake walioanikwa;
nikafagia, nikaomba radhi, nikafagia.
Mbigiri zikamganda. Na siku ile ziwa lilipotoa wale mbu wasiouma,
wanaosimama hewani kama moshi wa tanuri,
walimwingia wakafia humo,
nikawachambua kama mawe kwenye mchele.

Zamani alitoka ziwani akajikung'uta mara moja, kwisha.
Juzi, pale mwaloni Kirumba, alitoka amebeba nusu ya ziwa,
anaburuza tumbo juu ya mawe, ananitazama.
Waliosema mbwa hafi maji akiona ufuko
hawakumwona mbwa aliyevishwa blanketi.

Ulipokuja na chanjo ya kichaa nikakuuliza.
Ukacheka. Ni kawaida, mama,
homoni zikiondoka manyoya ya chini hukua yanavyotaka,
hasa hawa wa nywele ndefu. Haumwi.

Kawaida!
Na ulijua, siku ile umeshika kalamu,
ukaniandikia habari za ugali?

Ulishangaa nilivyopandisha sauti.
Si wewe niliyekuwa nakugombeza.

Maana mwaka juzi mimi pia nilipanda kile kilima cha Bugando
na mfuko wenye kanga mbili,
nikashuka mwepesi.
Waliniambia nisibebe ndoo, wiki sita.
Waliniambia kuhusu joto la usiku.
Hakuna aliyeniambia kwamba mimi, msusi,
nitaamka asubuhi nimeshika kichwa cha mtu mwingine:
nywele za panjani zimekuwa pamba,
hazishiki fundo, hazishiki hata rasta.
Nilifunga kitambaa. Wateja wakadhani nimeokoka.

Jioni tunakaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba,
lingali na joto la mchana.
Nachana kuanzia ncha, si kwenye shina,
nabana fundo kwa vidole nisimvute ngozi,
kama ninavyowafanyia watoto waoga.
Yanayong'oka nayaacha pale pale;
minana wameijua saa yetu, wanakuja kuchukua.
Watachoka anawatazama kwa jicho moja, hawafukuzi.
Halafu nafungua kitambaa.

Nina vitana viwili, bwana mifugo.
Kimoja cha wateja.